Grzimek: Daktari wa kuku aliyejifunza urubani ukubwani ili ahesabu nyumbu Serengeti

WAKAZI wengi wa wilaya za Serengeti na Tarime wanaujua mpaka wa hifadhi kwa sababu ya mashamba yao yanayoliwa na tembo. Wachache wanajua kuwa utafiti uliozua mjadala mkubwa kuhusu mpaka huo ulifanywa na baba na mwanawe, kwa ndege ndogo ya injini moja iliyopakwa mistari ya pundamilia.

Baba huyo ni marehemu Profesa Bernhard Grzimek, Mjerumani aliyezaliwa Aprili 24, 1909. Kabla ya kujulikana kwa mambo ya wanyamapori, alikuwa daktari wa mifugo. Alifuga kuku tangu ujana, akaandika vitabu kuhusu magonjwa ya kuku na biashara ya mayai, na miaka ya 1930 alikuwa ofisa katika wizara ya chakula ya serikali ya Hitler.

Mwaka 1945, vita ilipokwisha, alikabidhiwa bustani ya wanyama ya Frankfurt iliyokuwa magofu kutokana na mabomu. Aliifufua na kuiongoza hadi alipostaafu mwaka 1974.

Mwaka 1956, yeye na mwanawe Michael walitoa filamu kuhusu kutoweka kwa wanyamapori wa Afrika. Filamu ilileta faida, nao wakataka kutumia fedha hizo kununua ardhi ya kuongeza hifadhi. Mkurugenzi wa hifadhi za Tanganyika wakati huo, Kanali Peter Molloy, aliwashauri vingine: serikali ya kikoloni ilikuwa inataka kubadili mipaka ya Serengeti, lakini hakuna aliyejua wanyama ni wangapi wala wanapita wapi. Fedha zitumike kuwahesabu.

Kazi hiyo haikuwezekana kwa gari. Grzimek, akiwa na umri wa miaka 48, alijifunza urubani pamoja na mwanawe. Walinunua ndege aina ya Dornier Do 27, inayoweza kwenda polepole na kutua kwenye uwanja mfupi wa nyasi. Desemba 1957 waliondoka Ujerumani, wakavuka jangwa na kushuka hadi Serengeti wakiirusha wenyewe.

Walihesabu wanyama wakubwa zaidi ya 366,000, wakiwamo nyumbu wapatao 99,000. Waliwawekea baadhi ya wanyama alama ili kufuatilia safari zao, na wakachunguza nyasi wanazozifuata. Jibu lilikuwa wazi: makundi yalikuwa yakitoka nje ya mipaka iliyopangwa.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Januari 10, 1959, Michael akiwa peke yake angani, ndege iligongana na tumbusi na kuanguka. Alikuwa na miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Baba alimalizia kitabu na filamu yao, na mwaka 1960 filamu hiyo ilishinda tuzo ya Oscar.

Mwaka huohuo wa 1959 mipaka ilibadilishwa. Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, na Wamasai waliokuwa wakiishi ndani ya Serengeti walihamishwa. Upande wa kaskazini hifadhi ilipanuliwa kuelekea Kenya, na miaka ya 1960 Lamai nayo ikaingizwa. Kwa wafugaji na wakulima wa Mara, hiyo ilikuwa ardhi iliyopotea, na malalamiko yake hayajaisha.

Grzimek aliona kwamba hifadhi isiyoingiza fedha haitadumu. Alipoendesha kipindi chake cha televisheni, aliwatangazia Wajerumani kuwa zipo safari za bei nafuu za kwenda Afrika Mashariki, wakati hazikuwapo. Watu walipofurika kuziulizia, mawakala wa safari walilazimika kuzianzisha. Alitengeneza wateja kwanza, bidhaa ikafuata.

Jambo moja linawahusu wafugaji moja kwa moja. Baada ya ng'ombe wa maeneo jirani kuchanjwa dhidi ya sotoka, nyumbu nao waliacha kufa kwa ugonjwa huo. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walizidi milioni moja. Kundi linalowavuta watalii leo limetokana pia na sindano ya mfugaji.

Grzimek alifariki Machi 13, 1987 mjini Frankfurt akitazama sarakasi. Majivu yake yaliletwa Ngorongoro na kuzikwa kando ya mwanawe.

Shirika la Frankfurt alilolijenga bado lipo Serengeti, na limesaidia vikundi vya kuweka na kukopa vya COCOBA katika vijiji vinavyopakana na hifadhi. Hesabu ya wanyama ilifanyika kwa ndege. Hesabu iliyobaki ni ya chini: mwanakijiji anayelinda shamba usiku anapata kiasi gani katika fedha wanazoleta nyumbu hao.