Mfahamu William Farrer, mpima ardhi aliyeiwahi kutu ya ngano

Kwa zaidi ya miaka 20, Waaustralia walitembea na sura yake mfukoni. Noti yao ya dola 2, iliyotoka 1966, ilikuwa na picha ya mzee mwenye ndevu na masuke ya ngano. Huyo ni William Farrer.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1845, mtoto wa mkulima. Alisoma Cambridge, akaanza udaktari, lakini kifua kikuu kikamkatisha. Mwaka 1870 akahamia Australia kutafuta hewa kavu. Pesa zake zikapotea kwenye hisa za migodi, ndoto ya kununua shamba ikafa, akageukia kazi ya kupima ardhi.

Wakati huo wakulima walikuwa wanalia na kutu, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia majani na mabua. Msimu ukiisha kwa mvua na joto, unyevu unakaa kwenye majani, ukungu unaota na kunyonya mmea. Punje zinabaki zimesinyaa, unga hamna. Mwaka 1889 kutu ilipiga vibaya kiasi kwamba makoloni ya Australia yakaanza kuitisha mikutano ya pamoja kuijadili.

Farrer alikuwa ameacha upimaji 1886 na kuhamia Lambrigg, karibu na ilipo Canberra leo. Hapo akaanza kuchanganya mbegu, kwa mikono na kwa pesa zake mwenyewe. Serikali ilimwajiri 1898 tu.

Hali ya hewa hakuweza kuibadilisha. Kumbe angeweza kubadilisha muda wa mavuno! Ngano nyingi za wakati huo zilichelewa kukomaa, zikakutwa na kutu au ukame zikiwa bado shambani. Basi akachukua ngano ya India inayowahi kukomaa, akaichanganya na Fife ya Canada yenye unga mzuri, kisha na Purple Straw iliyozoeleka Australia.

Ikapatikana Federation, ngano fupi yenye bua imara. Kinga yake dhidi ya kutu haikuwa kubwa. Siri yake ilikuwa kuwahi: kutu ikifika, yenyewe imeshakomaa.

Farrer alifariki Aprili 1906, akiwa na miaka 61, akazikwa hapo hapo Lambrigg. Miaka michache baadaye Federation ikawa ngano iliyolimwa kuliko zote Australia. Mwenyewe hakuiona siku hiyo.