Freddie Mercury na santuri ya shujaa wa anga za juu

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 1980 kundi la muziki wa rock la Queen, la Uingereza, lilikuwa kileleni. Santuri yake ya The Game ilishika nafasi ya kwanza nchini humo na Marekani pia, na mwimbaji wake, Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar, alikuwa miongoni mwa watu waliojulikana zaidi katika muziki duniani. Kabla mwaka haujaisha, Desemba 8, kundi hilo likatoa santuri nyingine, ambayo ndani yake mwimbaji huyo anaimba kwa nadra mno.

Santuri hiyo ni Flash Gordon, muziki wa filamu ya jina hilo iliyoongozwa na Mike Hodges na kutayarishwa na Mtaliano Dino De Laurentiis. Flash ni shujaa wa hadithi za kubuni za anga za juu, aliyebuniwa na mchoraji wa Marekani, Alex Raymond, katika katuni za magazeti mwezi Januari 1934. Katika filamu hiyo yeye ni mchezaji wa mpira wa Kimarekani anayejikuta ndani ya roketi akielekea sayari ya Mongo, pamoja na Dale Arden na Dk. Hans Zarkov, ambako mfalme katili Ming amekusudia kuiangamiza dunia.

Santuri ina vipande 18 vinavyochukua takriban dakika 35. Ni viwili tu vilivyo nyimbo kamili zenye beti, cha kwanza na cha mwisho, na vyote ni vya mpiga gitaa Brian May. Vilivyobaki ni muziki wa vyombo, gitaa zito likipokezana na sintesaiza, huku mazungumzo ya waigizaji yakiachwa humo humo, hivyo kwamba hata asiyewahi kuiona filamu anaweza kukifuata kisa mwanzo hadi mwisho.

Wapenzi wengi wa Queen huiweka santuri hii mkiani. Wanaipunja. Humo mna Mercury ambaye hasikiki kwingine, mtunzi aliyekubali kukaa nyuma ya pazia.

Alitunga vipande vitano. May alijitwalia shujaa. Mercury akavutiwa zaidi na upande wa pili. Ndiye aliyelitungia muziki baraza la Ming, pete ya kichawi inayompumbaza Dale, na mashambulizi ya watu wenye mabawa wa Vultan. Ndiye pia aliyetunga kipande cha vurumai ambamo Flash anawakabili walinzi wa Ming kana kwamba yuko uwanjani, muziki wa kuchekesha na wa kasi. Lakini kilicho bora kuliko vyote ni The Kiss, kinachoandamana na tukio la Binti Mfalme Aura kumrejeshea Flash uhai baada ya kuuawa kwa amri ya Ming. Hapo Mercury anaimba bila kutamka neno. Sauti inapanda, inaning'inia, kisha inatoweka, yote chini ya dakika mbili.

Mtu huyo aliyewatungia muziki wafalme wa kubuni alikuwa amekwisha kujibuni mwenyewe. Alizaliwa Septemba 5, 1946 mjini Zanzibar, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi wa dini ya Zoroasta kutoka India, na baba alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Uingereza. Akiwa mtoto wa miaka minane hivi alipelekwa shule ya bweni ya St. Peter's huko Panchgani, India, ambako wenzake walianza kumwita Freddie na ambako alipiga piano katika bendi ya wanafunzi. Alirejea Zanzibar mwaka 1963. Mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi ya Januari 12, familia ilihamia Feltham, pembezoni mwa London.

Alisomea usanifu wa michoro katika Chuo cha Sanaa cha Ealing, akahitimu mwaka 1969. Mwaka 1970 aliungana na May na mpiga ngoma Roger Taylor, akachagua jina Queen, akachora nembo ya kundi, na akajipa jina la Mercury. Tangu hapo Farrokh alibaki nyumbani kwa mama yake. Jukwaani alipanda mwingine. Katika ziara ya Marekani ya mwaka ule ule wa 1980 aliingia ukumbini akiwa mabegani mwa mtu aliyevaa kama Darth Vader, adui mkuu wa filamu za Star Wars. Nje ya jukwaa alikuwa mwenye haya, akiwakwepa wanahabari.

Visiwani jina lake limekuwa na mvutano. Mwaka 2006 sherehe iliyopangwa kuadhimisha miaka 60 ya kuzaliwa kwake ilifutwa baada ya kikundi cha kidini kuipinga. Mwaka 2019 makumbusho yake yalifunguliwa Shangani, Mji Mkongwe.

Ugonjwa aliuficha kwa miaka kadhaa. Novemba 23, 1991 alitangaza kwamba ana UKIMWI, na siku iliyofuata akafariki dunia nyumbani kwake Kensington, London, akiwa na umri wa miaka 45. Alizikwa kwa taratibu za dini ya wazazi wake, mwili ukachomwa moto.

Miezi michache kabla, mjini Montreux, Uswisi, alikuwa akirekodi wimbo uitwao Mother Love. Aliimba beti zote isipokuwa wa mwisho, akachoka, akaahidi kurudi kuumalizia. Hakurudi. Ubeti huo uliimbwa na Brian May, na wimbo ukatoka mwaka 1995 katika albamu ya Made in Heaven.