Mtakatifu Benedikto, Abate Aliyejua Kusikiliza

Mtakatifu Benedikto alizaliwa Nursia, Italia, yapata mwaka 480. Akiwa kijana aliacha masomo yake Roma, akaishi pangoni huko Subiaco kwa miaka 3. Wamonaki wa jirani walimwomba awe abate wao. Lakini walipochoka na nidhamu aliyoidai, walimtilia sumu katika divai. Mtakatifu Gregori Mkuu asimulia kwamba alipoibariki, chombo kilivunjika. Benedikto hakulipiza kisasi. Aliwaombea huruma ya Mungu, akaondoka.

Baadaye alianzisha monasteri 12, kisha, yapata mwaka 529, ile ya Monte Cassino. Kanuni aliyoiandika, yenye sura 73, iliipangia siku saa za sala, kazi na kusoma, ili kila ndugu aujue wajibu wake. Penye jambo zito, abate aliagizwa kuwaita wote shaurini, hata walio wadogo, na mwenyewe kuishika Kanuni.

Kanuni hiyo ndiyo waliyoishi Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898. Nasi tunaoongoza jumuiya au kamati tujiulize: je, utaratibu tunaowadai wenzetu, sisi tunaufuata?

Mtakatifu Benedikto, utuombee.