Richard Burton: Bingwa wa lugha aliyeonja kila kilevi ili akijue

Na MWANDISHI WETU, Machakos

MSIMU wa mitihani unapokaribia mjini Machakos, wauzaji wa muguka huwa hawana haja ya kuwaita wateja. Wanafunzi wa vyuo huja wenyewe jioni, wakaondoka na vifurushi mfukoni, wakiamini kwamba majani yale yatawaondolea usingizi na kuwanoa akili. Wapo pia wanaoagiza tembe za ng'ambo ziitwazo nutropiki, jina lililobuniwa mwaka 1972 na mwanasayansi Corneliu Giurgea, mzaliwa wa Romania aliyefanyia utafiti wake Ubelgiji. Kila mmoja hujipimia kiasi, hujichunguza mwenyewe, kisha huwasimulia wenzake aliyoyaona.

Mwenendo huo haukuanza jana. Miongoni mwa waliojifanya chombo cha majaribio yao wenyewe ni Mwingereza Richard Francis Burton, ambaye jina lake wasomaji wetu hulijua zaidi kwa safari ya Ujiji kuliko kwa mambo aliyoyatia kinywani mwake.

Burton alizaliwa Machi 19, 1821, mjini Torquay, Uingereza, lakini utotoni alizunguka Ufaransa na Italia na wazazi wake, akiokota lugha mitaani kama watoto wengine wanavyookota mawe. Mwaka 1842 alifukuzwa Chuo Kikuu cha Oxford kwa kwenda kutazama mbio za farasi bila ruhusa. Mwaka huo huo akajiunga na jeshi la Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, na mwaka uliofuata alikuwa wa kwanza katika mitihani ya Kihindustani na Kigujarati.

Alifaulu vipi? Hapa pana jambo ambalo wenye kutafuta njia ya mkato wangefaa kulisikiliza. Burton alinunua kitabu chepesi cha sarufi na orodha ya maneno, akayatia alama yale tu asiyoweza kuishi bila kuyajua, na kukitembeza kitabu mfukoni. Kila alipopata nafasi alikitazama, lakini hakuzidisha robo saa kwa mara moja, kwani aliona kwamba baada ya hapo ubongo hupoteza wepesi wake. Akishakusanya maneno kama 300, kazi ya wiki moja, alianza kusoma kitabu rahisi, aghalabu mojawapo ya Injili, huku akipigia mstari kila neno alilotaka kulikumbuka na kulirudia kila siku. Alipozungumza na mwenyeji alikuwa akiyarudia maneno yake kimoyomoyo. Sauti ngumu kama ile ya ghaini, inayowatoa jasho baadhi yetu wa bara tunapotamka ghali na ghafla, aliirudia maelfu ya mara kwa siku. Kufikia mwisho wa maisha yake alijua lugha zaidi ya 20.

Vilevi aliviendea kwa udadisi ule ule. Alipokuwa Sindh, katika Pakistan ya sasa, alikunywa bangi mara nyingi, kwa maelezo yake si kwa kuburudika bali kwa kutaka kujua wenyeji wanapata nini humo. Aliyoyaandika mwaka 1851 hayamvutii mtu anayejiandaa kwa mtihani: koo kukauka na kubana, shaka juu ya kila neno linalosemwa, kicheko kisicho na sababu, na hisia kwamba mguu mmoja unazunguka kwenye goti kama gurudumu, hata mwenye mguu akausikia ukipiga bega na kulipita. Mwaka 1853, akiwa Cairo njiani kwenda Makka kwa kujisingizia udaktari wa Kiislamu, alivuta hashishi na rafiki yake mfanyabiashara, Haji Wali.

Januari 1855 aliingia Harar, mji wa Waislamu ulio Ethiopia ya leo, akakaa siku kumi akiwa hana hakika kwamba atatoka hai. Huko aliwakuta wanazuoni wakitafuna miraa, wakisadiki kwamba majani hayo husafisha mawazo, huchangamsha moyo, hupunguza usingizi na kushika nafasi ya chakula. Hoja hizo ni zile zile zinazosikika leo Machakos, ingawa miaka zaidi ya 170 imepita.

Burton mwenyewe hakuridhika. Aliandika kwamba Wazungu hawapati athari kubwa, na kwamba yeye na rafiki yake waliwahi kuyachemsha majani hayo yakatoka makali, wakanywa, lakini hawakuona chochote. Sayansi ilikuja kutoa fununu ya sababu baadaye sana. Kathinoni, kemikali kuu inayochangamsha katika miraa, ilitambuliwa mwaka 1975 katika maabara ya Umoja wa Mataifa, na huanza kupungua nguvu mara tu majani yanapochumwa. Ndiyo maana magari ya miraa hukimbizwa barabarani kama yanayobeba mgonjwa. Huenda basi Burton alichemsha majani yaliyokwisha kufa. Jaribio la mtu mmoja lina kasoro hiyo: aliyelifanya hana wa kumsahihisha.

Aprili mwaka huo kambi yake ilivamiwa Berbera. Mkuki ulipenya shavu moja ukatokea la pili, na mwenzake mmoja, Stroyan, akauawa.

Alifika Unguja Desemba 20, 1856, pamoja na John Hanning Speke. Mwezi uliofuata alimtembelea mmishonari Rebmann karibu na Rabai, mahali ambapo Krapf alikuwa ameanzia safari yake ya Ukambani mwaka 1849. Lakini habari za mashambulizi ya Wamaasai ziliwafanya waiache njia hiyo, na msafara ukaondokea Kaole Juni 1857, ukiongozwa na watu kama Sidi Mubarak Bombay, ambao bila wao Waingereza hao wasingefika popote. Ni aibu kwamba Burton, aliyewategemea Waafrika kwa kila hatua, aliandika juu yao kwa dharau inayochoma hadi leo.

Njiani homa ilimlemaza miguu, akabebwa kwa machela. Dawa aliyoisifu sana ni matone ya Warburg, ambayo watu waliyameza kwa miaka mingi pasipo kujua yaliyomo. Siri ilifichuliwa mwaka 1875, na kwinini ikaonekana kuwa ndiyo iliyokuwa ikitenda kazi. Februari 1858 walifika Ujiji. Miezi michache baadaye, Speke alipokwenda kaskazini na kuliona ziwa Nyanza, Burton alikuwa amebaki Kazeh, Tabora ya sasa, akikusanya misamiati ya Kiswahili, Kizaramo na Kinyamwezi kwa msaada wa mfanyabiashara Snay bin Amir. Pengine ndipo alipoipoteza sifa ya chanzo cha mto Nile. Ugomvi wao haukuisha hadi Speke alipofariki kwa risasi ya bunduki yake Septemba 15, 1864, siku moja kabla ya mdahalo wao.

Kilichokaribia kumshinda Burton hakikuwa bangi wala miraa, bali pombe. Mshairi Wilfrid Scawen Blunt, aliyekutana naye Buenos Aires mwaka 1868, alimkuta amezama katika ulevi. Alinyanyuka akawa balozi mdogo Damascus, na kuanzia 1872 Trieste, alikoweka meza 11, kila moja ikiwa na kitabu chake alichokuwa akikiandika. Tafsiri yake ya Alfu Lela Ulela ilianza kutoka mwaka 1885, ikafikia juzuu 16.

Alifariki Trieste Oktoba 20, 1890. Mkewe, Isabel, aliitia motoni miswada yake, ikiwemo tafsiri aliyokuwa karibu kuimaliza, kisha akamzika Mortlake, London, katika kaburi la mawe lenye umbo la hema. Mwaka 1896 naye akazikwa humo.