Mwili wa Dakta Livingstone: Amana Iliyofikishwa

Msomaji mpendwa, ukipita Upanga kwa upande wa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, huenda umepata kuwaona jamaa waliokusanyika kimya, wakingoja kukabidhiwa maiti ya ndugu yao. Wengine watamzika siku ile ile hapa mjini. Wengine wana safari ndefu mbele yao, ya kwenda Kagera, Mara au Mbeya, na kabla ya kuondoka hapana budi maiti ihifadhiwe kwa dawa ili isiharibike njiani. Hapo watu huulizana maswali mazito. Je, heshima ya marehemu ni kusafirishwa hadi kwao, au ni kuzikwa upesi? Na mwili uliokwisha kuachwa na roho wawadai nini walio hai? Mtu aliyeingia dini karibuni huyakuta maswali haya nyumbani mwake mwenyewe, kwani wazee wake wataka hivi, na imani yake yamwelekeza vile.

Ili tuyapime maswali hayo, natuyatazame maisha ya mtu mmoja ambaye mwili wake ulikaushwa kwa chumvi na jua katikati ya Afrika mwaka 1873, ukachukuliwa mabegani hadi pwani yetu. Mtu huyo ni Dakta David Livingstone.

Alizaliwa tarehe 19 Machi, 1813, Blantyre, katika nchi ya Scotland, katika nyumba ya watu maskini. Alipokuwa na umri wa miaka 10 alitiwa kazini katika kiwanda cha pamba, akafanya kazi mchana kutwa na kusoma usiku. Kwa juhudi hiyo alisomea udaktari mjini Glasgow, na mwaka 1841 akafika Afrika ya Kusini akiwa mhubiri wa Kikristo. Mwaka 1844, mahali paitwapo Mabotsa, simba alimrukia na kumvunja mfupa wa mkono wa kushoto karibu na bega. Mfupa huo uliunga vibaya, na tangu siku ile mkono wake haukurudia nguvu zake. Uukumbuke mfupa huu, msomaji, kwani tutaurudia.

Katika kuhubiri hakupata wafuasi wengi. Ajulikanaye zaidi ni Sechele, mfalme wa Wakwena, aliyebatizwa mwaka 1848. Moyo wake ulielekea zaidi katika safari. Mwaka 1855 aliyaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya katika mto Zambezi, na mwaka 1856 akafika Quelimane, baada ya kuivuka Afrika kutoka pwani ya magharibi hadi ya mashariki. Kati ya mwaka 1858 na 1864 alirudi Zambezi na kulifikia Ziwa Nyasa. Huko alizika mkewe, Mary, mwaka 1862, na huko aliyaona kwa macho yake maovu ya biashara ya watumwa. Na katika safari hiyo ndipo alipowapata vijana wawili ambao habari yao haitengani na yake: Chuma, mtoto wa Kiyao aliyeokolewa mikononi mwa wauza watumwa mwaka 1861, na Abdullah Susi, mtu wa Shupanga, aliyeajiriwa kazi mwaka 1863.

Mwaka 1866 Livingstone alifika Unguja kwa safari yake ya mwisho. Wakati huo mji wetu wa Dar es Salaam ulikuwa ndio kwanza unaanza kujengwa na Sultani Majid. Alishuka pwani ya kusini, akafuata mto Ruvuma, akaingia bara kutafuta chemchemi za mto Nile. Alipatwa na maradhi mengi, wapagazi wengi walimwacha, na sanduku lake la dawa liliibiwa. Mara nyingi aliokolewa kwa chakula na hisani ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, akiwamo Tippu Tip, ingawa aliichukia kabisa biashara ya watumwa waliyoifanya. Mwezi Julai 1871, huko Nyangwe katika Kongo, alishuhudia watu wengi wakiuawa kwa bunduki sokoni, na jambo hilo lilimvunja moyo kupita kiasi. Mwaka huo huo Stanley alimkuta Ujiji. Walipoagana huko Unyanyembe mwezi Machi 1872, Livingstone alikataa kurudi kwao. Mwezi Agosti aliondoka tena, pamoja na Chuma, Susi na watu wapya walioletewa kutoka pwani, miongoni mwao Jacob Wainwright, kijana aliyesoma shule ya Nasik katika India.

Alfajiri moja, yapata tarehe 1 Mei, 1873, katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kimo katika nchi ya Zambia, watumishi wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake, naye amekwisha fariki.

Sasa zingatia, msomaji, hali ya watu hao. Bwana wao amekufa. Hakuna wa kuwaamuru wala wa kuwauliza. Pwani iko mbali zaidi ya kilometa 1,600. Katika nchi nyingi zilizo njiani maiti yaogopwa, na mwenye kuipitisha aweza kutozwa faini au kupigwa vita. Jambo jepesi lilikuwa kumzika pale pale na kugawana mali yake. Lakini wao walikusanyika, wakayafungua masanduku yake mbele ya wote ili wote wawe mashahidi, na Jacob akaandika orodha ya vitu vilivyokuwamo. Kisha wakapatana kuuchukua mwili wake hadi Unguja.

Mwanzoni walimficha mtawala Chitambo habari za kifo hicho, wakihofu gharama na ghadhabu. Alipopata kujua, hakukasirika. Alikuja na watu wake wakaomboleza kwa desturi zao. Nje ya kijiji palijengwa kibanda kisicho na paa, kikazungushiwa ua wa miti imara. Miongoni mwao alikuwamo Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari huko Unguja na kuona jinsi maiti inavyopasuliwa. Yeye ndiye aliyeifanya kazi hiyo pamoja na mwenzake. Moyo na matumbo yalitolewa, yakatiwa katika sanduku la bati na kuzikwa chini ya mti mkubwa, na Jacob akasoma sala za maziko za Kikristo. Mwili ukatiwa chumvi ndani, ukaanikwa juani kwa muda wa siku 14, ukigeuzwa kila siku. Baada ya hapo ulifungwa kwa nguo, ukawekwa ndani ya gome la mti lililobanduliwa zima kama bomba, ukashonewa turubai, ukapakwa lami, na kufungwa katika mti ili watu wawili waweze kuuchukua.

Kazi hiyo yatukumbusha kazi ya Wamisri wa kale. Wao nao walijifunza kwanza kutokana na jua na mchanga mkavu, uliohifadhi maiti zilizozikwa bila sanduku. Baadaye wakaifanya kuwa elimu kubwa. Ubongo ulitolewa kwa kulabu puani; mapafu, ini, tumbo na utumbo viliwekwa katika mitungi minne; mwili ulifunikwa kwa magadi kwa siku 40 hivi, ukapakwa mafuta na utomvu wa miti, ukavishwa sanda ndefu za kitani, hata kazi yote ikatimiza siku 70. Miili hiyo ilionekana myeusi kama lami, na lami hiyo kwa Kiajemi huitwa mumiya. Ndiko lilikotoka pia neno letu mumiani, jina la dawa nyeusi iliyouzwa zamani pwani kwa kutibu mifupa iliyovunjika, na ambayo watu wengi waliidhania kuwa damu ya binadamu iliyokaushwa.

Lakini tazama tofauti iliyopo. Wamisri waliuacha moyo ndani ya mwili, kwa kuwa waliamini utapimwa katika mizani mbele ya miungu yao, na kwamba marehemu atauhitaji mwili wake ili aendelee kuishi. Walipigana na mauti kwa magadi na kitani. Watumishi wa Livingstone hawakudai lolote la namna hiyo. Moyo waliuacha katika udongo wa Afrika, na mwili waliukausha kwa sababu moja tu: ulikuwa amana, na wenyewe walikuwa mbali.

Basi wakaondoka. Waliuvuka mto Luapula, wakapita penye maradhi, njaa na hata mapigano, na baadhi yao wakafa njiani. Mwezi Oktoba 1873 walifika Unyanyembe, wakakutana na Luteni Cameron, Mwingereza aliyekuwa ametumwa kumtafuta Livingstone. Yeye aliona afadhali maiti izikwe pale. Wao, ambao kwa cheo hawakuwa kitu mbele yake, walikataa kwa adabu na kuendelea. Walipofika mahali paitwapo Kasekera, wenyeji walikataa maiti isipite. Ndipo wakatengeneza mzigo wa uongo wa mabua ya nafaka uliofungwa kama maiti, wakaupeleka kana kwamba wanaurudisha Unyanyembe kuzikwa, na usiku wakautawanya porini. Mwili wenyewe waliufunga upya kama mtumba wa bidhaa. Mwezi Februari 1874, baada ya miezi tisa hivi, waliingia Bagamoyo.

Kutoka hapo mwili ulivushwa kwa manowari hadi Unguja, kisha ukapelekwa Uingereza kwa meli, na katika watu wale wote ni Jacob Wainwright peke yake aliyesafiri pamoja nao. Wengine walilipwa ujira wao, wakaambiwa waende zao. London palikuwa na shaka: ni nani awezaye kujua kama mwili huu mkavu ni wake kweli? Daktari mkubwa, Sir William Fergusson, aliutazama mkono wa kushoto, akauona mfupa ule uliovunjwa na simba miaka 30 iliyopita. Shaka ikaondoka. Tarehe 18 Aprili, 1874, Livingstone alizikwa katika kanisa la Westminster, walikozikwa wafalme.

Chuma na Susi walipelekwa Uingereza baada ya maziko kwisha, wakasaidia kueleza daftari za bwana wao zilipokuwa zikitayarishwa kuwa kitabu. Medali zilifanywa kwa ajili ya wale waliouchukua mwili, lakini zilipokuwa tayari wengi walikuwa wamekwisha tawanyika. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882. Susi alibatizwa mwaka 1886, akafariki huko huko Unguja mwaka 1891.

Msomaji mpendwa, tujifunze nini katika habari hizi? Uislamu wafundisha kwamba maiti ioshwe, ikafiniwe, isaliwe na kuzikwa bila ya kucheleweshwa, na kwamba mwili wa marehemu usivunjiwe heshima, kwani kuuvunja mfupa wa aliyekufa ni kama kuuvunja mfupa wa aliye hai. Kwa kipimo hicho hatuwezi kuifanya kazi ya Chitambo kuwa mfano wa maziko yetu. Mwenye kuweza kumzika ndugu yake leo, asingoje kesho kwa sababu ya fahari au ya kuogopa maneno ya watu.

Lakini Kurani Tukufu pia yaamuru kwamba amana zirudishwe kwa wenyewe, na katika jambo hili watu wale maskini waliwashinda wengi wenye elimu. Hawakuwa wa dini moja. Palikuwa na wenye majina ya Kiislamu, palikuwa na vijana waliobatizwa, na palikuwa na wafuasi wa mila za wazee wao. Amana iliwaunganisha wote.

Tena Kurani Tukufu, katika Sura Yunus, yatueleza kwamba Farao alipokuwa anazama aliambiwa kuwa mwili wake utaokolewa ili uwe ishara kwa watakaokuja nyuma yake. Miili ya mafarao imeonekana kweli: wa Ramesses II ulitolewa mafichoni mwaka 1881, na wa mwanawe Merneptah ulipatikana mwaka 1898, na mwaka 2021 miili hiyo ilihamishiwa katika jumba jipya la makumbusho mjini Cairo. Wapakaji dawa wao walitaka waishi milele. Kilichobaki ni ngozi juu ya mifupa, na watu hulipa kiingilio wapate kuitazama. Mwili kudumu si wokovu. Siku ya Kiyama mikono itasema na miguu itashuhudia. Na kama vile mfupa mmoja ulivyomtambulisha Livingstone mbele ya daktari, ndivyo kila kiungo chetu kitakavyotutambulisha mbele ya Yule asiyehitaji daktari.

Basi utakaposimama tena pale Upanga, ukingoja kukabidhiwa uliyempenda, usiulize ni sanduku gani litakalopendeza machoni pa watu. Uliza: marehemu ameacha deni gani, ameacha yatima gani, ameacha ahadi gani isiyotimizwa? Hiyo ndiyo amana yake uliyoachiwa uifikishe. Na ukienda hatua chache hadi Kariakoo, kumbuka kwamba jina lile latokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, watu waliobeba mizigo ya wengine, na wengi wao majina yao hayajulikani leo. Kwa Mwenyezi Mungu hakuna mzigo wa haki uliobebwa ukasahauliwa.

Mwenyezi Mungu atujalie kuzifikisha amana zetu kabla sisi wenyewe hatujawa amana mabegani mwa wenzetu. Amin.