Mama Fua Aliyejenga Kiwanda

Wapendwa, kabla hujasema shida yako ni mtaji, hebu tuangalie maisha ya huyu mama.

Sarah Breedlove alizaliwa tarehe 23 Desemba 1867 huko Delta, Louisiana, Marekani, kwenye shamba la pamba ambako wazazi wake walikuwa watumwa. Kwao, yeye ndiye mtoto wa kwanza kuzaliwa huru. Lakini uhuru haukumletea chakula mezani. Akiwa na miaka 7 alikuwa yatima. Akiwa na 14 aliolewa. Akiwa na 20 alikuwa mjane mwenye mtoto mdogo, Lelia.

Akahamia St. Louis, kwa kaka zake waliokuwa vinyozi. Kazi aliyopata tunaijua sana mitaani kwetu: kufulia watu nguo, kwa dola moja na kitu kwa siku. Alifua miaka mingi na bado alikuwa maskini. Tusidanganyane, bidii peke yake haikumtoa pale.

Basi ni nini kilimsukuma? Ni Lelia. Sarah hakusoma sana, na hakutaka binti yake arithi beseni la kufulia. Aliweka akiba kidogo kidogo mpaka binti akafika chuo kule Knoxville. Tena katika kanisa la St. Paul A.M.E. alikutana na wamama waliosoma, akaona kumbe maisha mengine yanawezekana.

Halafu nywele zake zikaanza kukatika. Akatafuta dawa, na hakuona haya kuanza kwa kuuza bidhaa za mwanamke mwingine, Annie Malone. Mwaka 1905 akahamia Denver, na baadaye akaanza kuuza mafuta yake mwenyewe nyumba kwa nyumba. Mwaka 1906 akaolewa na Charles Joseph Walker, ndipo akajulikana kama Madam C. J. Walker. Kufikia 1910 alikuwa Indianapolis, ambako alijenga kiwanda. Akafundisha maelfu ya wanawake kuuza. Mwaka 1917 aliwakusanya Philadelphia, akawapa zawadi waliouza zaidi, na pia waliosaidia jamii zaidi.

Alifariki tarehe 25 Mei 1919, akiwa na miaka 51.

Mimi nimesomea biashara. Darasani swali la kwanza lilikuwa mtaji uko wapi. Lakini Elisha alimuuliza yule mjane ana nini nyumbani, na kumbe kulikuwa na chupa ya mafuta na watoto wa kuokoa. Kwa hivyo wiki hii usianze na pesa. Andika jina la mtu unayemjengea, halafu andika kile ulicho nacho tayari.

Na kama wewe ndiwe unayefuliwa, tafadhali usimpunguzie mama fua hela yake. Naye ana Lelia wake nyumbani.