Padre aliyepeleka lugha ya mama yake chuo kikuu

Mara nyingi tunacheka lafudhi ya mwenzetu anaposoma somo la kwanza kanisani. Padre Jean-Pierre Rousselot asingecheka, angechukua kalamu. Alizaliwa mwaka 1846 huko Saint-Claud, magharibi mwa Ufaransa, ambako lahaja ya wanakijiji ilidharauliwa shuleni. Akiwa tayari padre, alisomea isimu Paris, na tasnifu yake ya mwaka 1891 ilihusu lahaja hiyo hiyo ya kwao, kama walivyoizungumza jamaa zake wa Cellefrouin, mama yake akiwemo. Alionyesha kwamba ndani ya familia moja matamshi hubadilika toka kizazi hadi kizazi, na wenyewe hawana habari.

Sikio peke yake halikumtosha. Msemaji alitamka ndani ya mrija, na sindano ikachora mtikisiko wa pumzi juu ya karatasi yenye masizi iliyozungushwa kwenye silinda. Kwa ulimi alitumia kaakaa bandia lililopakwa unga: palipofutika, ndipo ulimi ulipogusa. Ukivitazama vifaa hivyo ni kama michezo ya watoto, lakini ndivyo vilivyoifanya fonetiki kuwa sayansi ya maabara. Alifundisha hayo katika Chuo Kikatoliki cha Paris, na maarifa yake yakawafaa pia viziwi waliokuwa wakijifunza kutamka.

Collège de France ilimpa uprofesa mwaka 1923, akiwa mzee. Alifariki Desemba 1924.